Hakuna Aliyeniambia

Jumatatu, 20 Machi 1995

Langoni kabla ya kengele, fimbo mkononi, kama kila siku. Wachelewaji wachache tu, tena wa hapahapa kijijini. Wa ng'ambo ya mto wote wamewahi. Januari nilipoikuta shule hii, watoto wa ng'ambo walikuwa wanaingia wenzao wameshamaliza hesabu. Eti wanasaidia wazazi kubeba ndizi hadi kwenye malori. Siku hizi biashara huria, malori ya wachuuzi yanapanda mlima alfajiri, na kila mwenye mkungu anataka auwahishe. Sawa. Lakini shule ni shule.

Nimewanyoosha. Nimefurahi.

Nikiingia ofisi ya walimu wananyamaza. Flora, yule binti anayefundisha darasa la tano, leo alimeza kicheko mpaka akapaliwa. Wacha wanyamaze. Mkuu aliyenitangulia alikuwa mcheshi, anapendwa na kila mtu, na shule ikaburuza mkia kata nzima, wakamwondoa. Mratibu wa elimu aliniambia wazi siku ananikabidhi ofisi: una mwaka mmoja, ukishindwa unarudi darasani. Kwa hiyo sicheki. Kusema kweli naogopa kucheka. Naona nikicheka mara moja tu nimekwisha.

Jumanne, 21 Machi

Mvua milimani tangu jana. Huku kwetu manyunyu.

Mwalimu Mkude alisimama mlangoni kwangu baada ya vipindi. Ni mzee, Mluguru wa hapahapa Matombo, amefundisha hawa watoto na wazazi wao. Akasema, "Mvua milimani, Mwalimu Mkuu." Nikamwambia naiona. Akabaki amesimama kidogo, akaondoka. Mtu kama ana shida si aseme?

Huyu mzee siku yangu ya kwanza alinipokea kwa utani mbele ya walimu wote. Mimi Mzigua, yeye Mluguru, ni watani tangu enzi za mababu, najua. "Mzigua wangu huyo! Mmemaliza mizizi yote ya njaa kwenu Handeni, sasa mmefuata ndizi zetu?" Walimu wakaangua kicheko. Mimi nikakaza uso. Nikamwambia mzee, hapa kazini, hakuna utani. Akasema sawa. Tangu siku hiyo ni "ndiyo, Mwalimu Mkuu" na "hapana, Mwalimu Mkuu". Nilitaka hivyohivyo. Ningemwachia, wiki ya pili angeshanipanda kichwani.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua usiku kucha. Wa ng'ambo wamefika kabla ya kengele, wamelowa chapachapa. Sketi zinachuruzika. Zena wa darasa la tano alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Nikamuuliza Flora kulikoni. Umande, Mwalimu Mkuu, huko majani ni marefu. Nikawatazama wengine. Wote wakaitikia kwa vichwa, hata Mkude.

Umande gani wa kufika kifuani?

Nikaacha. Nilikuwa na taarifa ya mratibu ya kumalizia.

Jumamosi, 25 Machi

Leo nimekwenda gulioni ng'ambo kwa mara ya kwanza. Tangu Januari jirani ndiye anayeninunulia vitu. Nimepita darajani, kule chini kwenye barabara ya magari, kisha nikapandisha tena upande wa pili. Lo! Mwendo huo si mchezo. Nimefika viatu nimevishika mkononi.

Gulio limechangamka. Mitumba, redio, sabuni za kunukia zilizokuwa hazionekani miaka ile ya foleni. Sikuviona sawasawa. Nilikuwa najiuliza jambo moja tu. Kama mtu mzima, mikono mitupu, nimechoka hivi, mtoto aliyeanza siku kwa kubeba mkungu anafikaje shuleni kabla ya kengele?

Nikamuuliza mama mmoja muuza iliki, watoto wenu wanapita wapi? Akaanza kukunja gunia lake na biashara bado mbichi. "Waulize walimu wako," akasema. Jirani yake naye akageukia pembeni.

Sasa najua si umande.

Jumapili, 26 Machi

Nimepanda kando ya mto peke yangu. Nimeliona.

Gogo. Limelazwa juu ya maji pale mto unapobanwa, karibu na mianzi. Gome limekwisha kwa kukanyagwa, linateleza. Katikati maji yanapita juu yake. Pa kushika hakuna. Niliweka mguu mmoja nikaurudisha haraka. Sijui kuogelea. Mto una rangi ya matope na unanguruma, na mvua ikishuka milimani unajaa ghafla hata kama hapa ni jua kali. Hilo hata mimi mgeni nimeshaliona.

Wanapita hapa kila siku. Kwa ajili ya lango langu na fimbo yangu.

Niliketi kwenye jiwe. Wallahi nimeogopa. Mtoto akitumbukia hapa nitamwambia nini mama yake? Nilifikiria kuliondoa lile gogo, lakini mkulima mmoja aliyekuwa anapita akaniambia wakiondolewa gogo watarukia mawe, na mawe ni mabaya zaidi. Basi ni kupiga marufuku. Kesho asubuhi.

Jumatatu, 27 Machi

Nimetangaza mstarini. Atakayepita kwenye gogo anachapwa mbele ya shule nzima. Na atakayechelewa anachapwa kama kawaida, kanuni hazijabadilika. Mmesikia? Ndiyo, mwalimuuu.

Nikawauliza walimu kama kuna mwenye la kuongeza. Hakuna. Mkude alikuwa anatazama viatu vyake.

Nimepumua.

Jumatano, 29 Machi

Wa ng'ambo wamewahi, na wote wakavu! Sketi kavu, mashati makavu. Kila mmoja na mfuko wake wa nailoni mkononi, siku hizi mifuko hiyo imezagaa kila mahali. Kumbe wakikaziwa wanaweza. Nadhani wanaamka mapema zaidi.

Mratibu amekuja bila taarifa. Amezunguka madarasani, amepekua maandalio ya masomo, ameridhika. Amesema shule imetulia mpaka mtu angedhani haina watoto. Nikacheka naye kidogo, kwa adabu. Alipoondoka neno lile likabaki masikioni. Sikulipenda. Wakati wa mapumziko nikatoka nje kusikiliza. Kweli. Watoto wamejaa uwanja na hakuna kelele.

Nikarudi ndani.

Ijumaa, 31 Machi

Niandike tu.

Mvua kubwa milimani tangu jana. Asubuhi mto unasikika hadi shuleni. Wa ng'ambo wamefika, wakavu, kimya. Nikasema moyoni, ona, wamepita darajani. Flora akaita majina darasa la tano. Zena hayupo. Wenzake wakasema anaumwa. Wakafanya hesabu. Wakasoma Kiswahili. Mapumziko hawakucheza, sasa ndiyo nakumbuka, walisimama ukutani.

Saa sita akaja mama yake Zena na sweta. Mtoto amelisahau, na baridi yote hii. Nikamwambia, lakini Zena si anaumwa? Yule mama alinitazama kama sijasema Kiswahili. "Ametoka na wenzake alfajiri, mwalimu."

Nikaingia darasa la tano. Sikuuliza kitu. Watoto wa ng'ambo walilaza vichwa kwenye madawati, mmoja akaanza kulia, wakafuata wote. Walimwona. Walikuwa wanavuka na nguo za shule ndani ya ile mifuko, wamejitwika kichwani, ili wakifika upande huu wavae nguo kavu nisijue. Zena aliteleza katikati. Mto ukamchukua. Wenzake wakavuka, wakavaa, wakaja kuketi. Asubuhi nzima wameketi na jambo hilo kifuani, wanajumlisha na kutoa, kwa sababu kusema kwamba Zena ametumbukia ni kusema kwamba walipita kwenye gogo.

Watoto wadogo vile! Wameniogopa mimi kuliko mto. Ya Rabi.

Mama yake alipiga yowe moja nadhani Matombo nzima ilisikia. Tulishuka wote kando ya maji, walimu, wazazi, watoto, tunaita. Nimeita mpaka sauti imekauka. Kila kitu kilichoelea nilikitazama nikaomba kisiwe yeye. Gunia. Mgomba. Ndala ya mtu. Flora alikuwa ananishika mkono, na sijui ni nani alikuwa anamshikilia mwenzake. Alikuwa anarudia maneno yaleyale, nilijua, Mwalimu Mkuu, nilijua, nilijua.

Jioni, jua halijazama, wapakiaji wa lori la ndizi wakampata karibu na daraja. Amenasa kwenye matete, ameyakumbatia, haachii. Mzima. Mguu umevunjika, maji amekunywa, lakini mzima. Walimbandua vidole kimoja kimoja. Lori lilelile likampeleka hospitali ya misheni.

Alhamdulillahi. Siwezi kula. Kila nikifumba macho naona matete.

Jumamosi, 1 Aprili

Hospitali. Aliyenipokea mlangoni ni mjomba wake. Hapa mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Nilijua atanipiga. Ningemwacha anipige. Akanisalimia kwa adabu, akaulizia safari, akanionyesha kitanda. Nilitamani angenitukana.

Zena aliponiona alijaribu kusimama. Na mguu ule, umefungwa hadi nyongani. Mwalimu akiingia mnasimama, ndivyo nilivyowafundisha, na Januari nilimchapa mtu kwa hilo. Nesi anamkandamiza mabega, yeye bado anahangaika na shuka. "Shikamoo, mwalimu."

Sikuweza kuitikia. Nilitoka nikaenda kutapika nyuma ya wodi.

Jumatatu, 3 Aprili

Kikao cha walimu. Nilikwenda naogopa kama ninayepelekwa mahakamani. Sikuketi kwenye kiti changu, niliketi kwenye benchi karibu na mlango, nadhani nilitaka niwe karibu na pa kutokea.

Nikauliza nani alijua kuhusu gogo. Nikauliza nani alijua kuhusu mifuko. Kimya. Kisha Flora akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Halafu mwingine. Halafu wote. Walijua wote! Na mimi, mkuu wao, nilikuwa langoni nafurahia sketi kavu.

Hasira ikanipanda. Nikamgeukia Mkude, nikamwambia wewe mzee, wewe mtu mzima, mwenye wajukuu hukohuko ng'ambo, ulishindwaje kuniambia?

Hakukasirika. Akasema, "Ningekwambia wiki ya kwanza, Mwalimu Mkuu. Ningekwambia kwa utani, ungecheka, ungenitukana kidogo, na jambo lingekuwa limefika. Ukasema hakuna utani. Sasa mimi Mluguru nikimfuata Mzigua na maneno makavu ya kumkosoa, tena mkubwa wangu wa kazi, huo si ushauri. Huo ni ugomvi. Na mimi nina mwaka mmoja nistaafu."

Najua anachosema. Kwetu ni hivyohivyo. Mtani ndiye anayeruhusiwa kukwambia unanuka. Nilifunga mlango ule mmoja nikidhani nafunga dharau.

Nikamwambia, basi niambie sasa. Kwa utani. Wote wasikie.

Akanitazama kuhakikisha. Kisha akainuka, akalitwaa sweta langu kwenye kiti, akalivaa. Mtume! Nikajua anafanya nini. Kwetu pia watani hufanya hivyo msibani. Wanavaa nguo za marehemu, wanaiga mwendo wake na maneno yake, wanaanika kila alichokuwa nacho, kizuri na kibaya, na wafiwa hawana ruhusa ya kununa. Mkude alikuwa ananifanyia msiba wangu.

Akatembea kama mimi. Shingo imekazwa, kidevu juu, rula ndiyo fimbo. "Saa ngapi sasa? Saa ngapi?" Sauti yangu kabisa. Akachungulia dirishani. "Mvua? Naiona!" Akamshika Flora shati. "Umelowa? Hujalowa? Vizuri, sasa kufa ukiwa mkavu." Halafu akalala chali juu ya meza, akafumba macho, akaanza kulia kwa sauti ya mfiwa: jamani Mzigua wetu amekufa, amekufa kwa woga, alikuwa anatuogopa sisi na sisi tunamwogopa yeye, nani sasa atatuchapa?

Kumwona mtu amelala na sweta lako, amefumba macho, si jambo dogo. Flora aliziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanacheza. Kicheko kikamtoroka. Kikawashika wote. Nami nilikuwa nalia, halafu sijui ilikuwaje nikawa nacheka, makamasi yananitoka. Nikamwambia Mkude amka, mla ndizi we, unalichafua sweta langu.

Ndipo walipoanza kusema. Kila mmoja. Flora alisema alipanga kuomba uhamisho. Mwingine akasema choo cha wasichana kimetitia tangu Februari, walikiziba kwa majani nisikione. Kila neno linanichoma, nami nasema endelea. Tumekubaliana wa ng'ambo wapite darajani, wafike watakapofika, na somo la hesabu lisogee. Anayeleta habari mbaya haguswi, awe mtoto, awe mwalimu.

Nimeandika taarifa kwa mratibu, sikuficha kitu. Huenda nikarudi darasani. Naliogopa hilo, lakini si ndilo ninaloliogopa zaidi.

Jumanne, 4 Aprili

Nimewaambia watoto mstarini. Hakuna kuchapwa langoni. Pitieni darajani, chelewa ufike. Mmesikia? Ndiyo, mwalimuuu. Ni sauti ileile ya siku ile. Ileile kabisa.

Jumatano, 5 Aprili

Wamewahi. Wa ng'ambo wote, kabla ya kengele, wakavu.

Nilijikuta nashika nguzo ya lango. Nikaomba kuona mifuko. Hakuna aliyekimbia, wakaifungua tu mmoja mmoja, midomo imekauka. Ndani ya kila mfuko kaptura iliyolowa, gauni la nyumbani lililolowa.

Wamepita kwenye gogo. Baada ya Zena. Baada ya maneno yangu yote.

Hawaniamini. Wanadhani ni mtego. Na kwa nini waniamini? Nimewafundisha miezi mitatu kuniogopa, wakafaulu vizuri. Sikumchapa mtu, nikawaambia nendeni darasani, wakaondoka wanatazama nyuma. Mchana mzima sikusikia lolote ila mto. Milimani kumefunga giza. Kesho asubuhi watavuka tena na mimi sina namna ya kuwafikia. Naogopa. Naogopa hata kuliko Ijumaa ile, maana Ijumaa nilikuwa sijui.

Nimemwambia Mkude. Akasema, "Wewe umewaambia wachelewe. Wewe mwenyewe lini ulichelewa?"

Alhamisi, 6 Aprili

Nilitoka kabla ya alfajiri, nikapita darajani hadi ng'ambo. Nikawangoja watoto pale malori yanapopakia. Waliponiona, mmoja alidondosha mkungu. Nikamsaidia kuuinua. Wazazi wakaniangalia, mjomba wa Zena akiwa mmoja wao. Alimsogelea mtoto mmoja, akampokea ule mfuko wa nailoni, akatoa sare ndani yake akampa, mfuko mtupu akauweka kwapani kwake.

Tukashuka pamoja. Mwanzoni walikuwa wananizunguka mbali kama nina upele. Tukasikia kengele tukiwa bado upande wa ng'ambo. Wakasimama wote, miili imekakamaa, wengine wameshageukia njia ya mtoni. Nikawaambia imelia, basi, imelia. Twendeni. Nikaendelea kutembea bila kugeuka. Kama wasingenifuata sijui ningefanya nini. Baada ya muda nikasikia miguu nyuma yangu.

Langoni alikuwa Mkude, ndiye mwalimu wa zamu. Shule nzima madirishani. Akanishika mbele ya watoto wote. "Saa ngapi sasa, Mwalimu Mkuu?"

Nikasema nimechelewa, mwalimu, nimepitia darajani, mto umejaa. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema, "Mzigua na maji wapi na wapi? Umefanya vizuri. Pita ukasome."

Watoto hawakucheka. Walikuwa wananitazama uso kuona kama nitakasirika. Nilikasirika kidogo, sitaki uongo. Lakini nilipita.

Jumanne, 11 Aprili

Mvua tangu usiku. Ijumaa ilikuwa sikukuu. Jana kulikuwa na jua na mto ulikuwa chini, wa kuvukwa popote bila hatari, kwa hiyo kuwahi kwao jana hakukuniambia kitu. Leo ndiyo leo.

Kengele ikalia. Madawati ya ng'ambo matupu.

Nilijua wanaweza kuwa njiani. Nilijua pia wanaweza kuwa wametumbukia wote. Sikuwa na njia ya kutofautisha. Flora aliingia darasani na wale waliokuwepo, nami nikabaki langoni na mwavuli, nauma kucha kama mtoto. Mkude alikuja akasimama karibu yangu. Ana wajukuu mle.

Hesabu ikaanza. Ikaisha.

Ndipo nikawaona wanatokea kwenye kona ya barabara, chini, upande wa darajani. Wamejifunika majani ya migomba. Walikuwa wanatembea. Wengine wanapigana madongo ya tope, mmoja amebakia nyuma anakula ndizi, wanapiga kelele mpaka kuku wanakimbia. Sikuwahi kuwaona hivyo. Mkude alipumua, akaenda zake darasani bila kunitazama.

Wakafika. Shikamoo, mwalimu. Marahaba. Sauti yangu ilikuwa imepasuka.

Kisha mtoto mmoja wa darasa la tano, Hadija, akajitokeza mbele bila kuulizwa. Akasema, "Mwalimu, Mudi alitaka kupita kwenye gogo leo. Tukamvuta shati, limechanika." Mudi alikuwa pembeni, amenuna, bega liko nje. Nilisubiri wamkanyage mguu Hadija anyamaze. Hawakumkanyaga. Mudi mwenyewe akasema, "Kweli, mwalimu. Nilikuwa naogopa kuchelewa."

Nikamwambia Hadija asante. Nikamwambia Mudi aende kwa Mwalimu Flora amshonee shati, ana sindano. Wakaingia darasani, na nilisimama pale mvuani mpaka nikasikia madawati yanavutwa.